Sinki Lisitolewe Darasani

Sikilizeni wanangu, na wewe mkubwa acha kutazama saa, mwenye haraka hapa ni mimi. Niinulieni mto kidogo. Sivyo, ushusheni. Basi uacheni, mgongo huu tangu asubuhi hautaki kulala wala kukaa, na mimi nina neno nililolikalia miaka kumi na tisa, leo linanichoma.

Nyumba ni yenu nyote wawili, karatasi zipo kwenye kabati la vitabu. Makochi gawaneni kwa amani, na jirani wa ukutani mwambieni nimemsamehe, ingawa mtaro wake bado unamwaga maji kwetu. Linalonikosesha raha ni vile vyumba viwili vya mbele, darasa langu la lugha ya kigeni. Mwanangu mkubwa, Jumatatu nilikusikia ukivuta tepu ya kupimia mle ndani, maana miguu ndiyo iliyokufa, masikio bado. Ulimwambia seremala kwamba likitoka sinki, na jiko, na ile meza ya mabomba, yataingia madawati thelathini, na wanafunzi watakariri mitihani ya miaka iliyopita mpaka wafaulu wote. Na mdogo wako huyu wa kike, fundi bomba wetu, alikuwapo akanyamaza, kwa sababu siku zote tumemwambia kwamba lugha ile, aliyoiokota kazini, anaibomoa.

Sikulaumu, umerithi kwangu. Nilifundisha hivyo hivyo miaka ishirini, na huyu binti yangu alipouliza darasani, "Mama, haya maneno tutayafanyia kazi gani?" nilimtoa nje mbele ya wenzake, naye hakurudi tena. Binti yangu, nilikukosea, na kiburi kikanizuia kukuomba radhi. Leo nakuomba.

Fungueni dirisha. Mnajua baba yenu alifia ugenini, nilipoalikwa kwenye mkutano wa walimu wa lugha hiyo naye akanisindikiza. Niliwaambia gari la wagonjwa lilichelewa. Nilisema uongo, hapakuwa na gari lolote. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara, tulitembea, ameniegemea huku kashika kifua. Dada wa mapokezi akaniuliza mzee ana nini. Mimi, mwenye vyeti vinne ukutani, niliyehifadhi mashairi yao kichwani, nikaanza sentensi, nikaiona ina kasoro, nikaimeza, nikaanza nyingine. Niliona haya kukosea mbele ya wenye lugha yao. Baba yenu akateleza kitini. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga deki, mgeni kama sisi, ndiye aliyeangusha ndoo na kupaza sauti kwa maneno matatu yaliyovunjika: "Mzee, kifua, haraka." Wakaja mbio. Daktari alisema tungewahi dakika chache tu, angepona. Baba yenu alikufa mimi nikitunga sentensi.

Mficha uchi hazai, wanangu, nami nimeuficha wangu mpaka leo. Ndiyo maana niliporudi niliweka sinki na jiko darasani, nanyi mkadhani ni wazimu wa ujane. Nilitaka kila neno lipite mkononi kabla halijaingia daftarini: mtu afunge bomba linalovuja huku akieleza anachofanya, afunge kidonda, apike, agombane na mwenzake kisha wapatane, yote kwa lugha ile, na asipewe cheti mpaka apige simu kwa mtu asiyemjua na waelewane. Mitihani wafanye, sikatai. Lakini elimu bila amali ni kama nta bila asali, na mimi nilikuwa nta tupu.

Basi shikeni haya. Sinki lisitolewe darasani. Ufunguo wa chumba cha kazi nampa mdogo. Cha vitabu ni chako, mkubwa, na hakuna anayekushinda kwa vitabu. Ila kabla hujashika chaki, kaa miezi mitatu kwa mdogo wako kama mwanafunzi, ufungue bomba, ulowe, ukosee maneno, wakucheke, nawe ucheke nao. Usinikatalie hili. Sina muda wa kubishana, na nyote mnajua nilivyopenda kubishana.

Maji... hapana, sitaki. Nishikeni mkono. Si huo, huo siusikii tena. Mungu awape ndimi nyepesi na mikono isiyoona haya. Mlango wa darasa usifungwe kwa sababu ya ugomvi wenu. Dada mtu asiitwe tena mbomoaji. Nani kaziba mwanga? Sogeeni, nawaona kwa mbali.

Mbona kimya, mkubwa? Midomo naiona inacheza. Unachagua maneno mazuri ya kuniaga... nakujua, umenizaa mimi... hapana, mimi ndiye niliyekuzaa. Usichague, baba. Sema hata yaliyovunjika. Sema sasa... ningali nasikia.