Rafu ya Chini ya Bwana Kipande

Wasikilizaji wapendwa, Jumapili imetukutanisha tena, nyinyi huko mliko na mimi hapa kwenye kiti changu kinachonung'unika. Kama una kazi mkononi, endelea nayo. Naomba masikio tu.

Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimkabidhi mizigo yenu bila kumwuliza jina. Alikuwa mtunza mizigo kwenye kituo kikuu cha mabasi. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja. Narudia: miaka thelathini na mmoja, chumba kilekile, dirisha lilelile. Alifariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na sita. Tulimzika Alhamisi.

Watu walimwita Bwana Kipande. Ukimpa mzigo, alichana karatasi ngumu vipande viwili vyenye namba moja. Kimoja alikifunga kwenye mzigo kwa uzi, kingine alikupa wewe. Bila kipande hupati mzigo, hata kama mmenyonya ziwa moja. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza changu. Nilikuwa kijana, nina haraka, basi linapiga honi. Akaniambia, "Nitajie kilichomo ndani." Nikataja shati. Nikataja kitabu. "Na kingine?" Nikataja soksi. "Za rangi gani?" Watu kumi nyuma yangu wanasikiliza. Ikabidi niseme ukweli, kwamba moja ni nyeusi na nyingine ni kahawia. Akanipa begi langu bila kucheka. Foleni ilicheka kwa niaba yake.

Lakini hatumkumbuki kwa ajili ya soksi zangu.

Chumba chenyewe labda mnakikumbuka. Kaunta ya mbao iliyolika katikati kwa kuburutiwa mizigo. Rafu za chuma mpaka darini. Harufu ya magunia na mpira, na feni iliyozunguka ikitaka. Rafu ya chini kabisa, mkono wa kushoto, haikuwekwa masanduku ya abiria. Ilikuwa ya mikoba ya shule. Mikoba ya watoto wasio na nyumba.

Ilianza hivi. Asubuhi moja ya mvua, msichana wa miaka kumi alisimama dirishani. Kaunta ilimfika kidevuni. Mama yake alikuwa amefariki. Bibi aliyebaki naye aliugua, akachukuliwa na jamaa wa mbali ambao hawakuwa na nafasi ya mtoto. Chumba walichopanga kikapewa watu wengine. Msichana akawa analala na wenzake kwenye baraza ya ghala lililofungwa, nyuma ya kituo. Na bado alikuwa anakwenda shule. Darasa la tano. Shida iliyomleta dirishani siku ile ilikuwa moja tu: madaftari yake yalikuwa yanalowa.

Msichana huyo leo ni mpima ardhi, na ni mama wa watoto wawili. Nilizungumza naye baada ya mazishi.

"Nilimwambia, shikamoo, naomba kuacha mzigo," alinisimulia. "Akauliza, mzigo gani? Nikasema, madaftari manne na kalamu. Nilijua atanifukuza. Akauliza, unauchukua lini? Nikasema, naleta jioni, nachukua asubuhi. Kila siku? Kila siku. Akachana karatasi. Akanipa namba kumi na saba. Akasema, ukiipoteza usije kunililia hapa."

Wiki iliyofuata alimleta mwenzake. Mwenzake akawaleta wengine. Kijana wa miaka kumi na sita alishuka kwenye basi peke yake, barua ya uhamisho wa shule mfukoni, hana wa kumpokea. Wapagazi wakamwelekeza kwenye dirisha hilohilo. Mwaka haujaisha, rafu ya chini ilikuwa na mikoba kumi na mmoja. Bwana Kipande aliishona mwenyewe kwa turubai la lori. Na mkoba ukishakuwepo, sare nayo inataka pa kukaa.

Hapo ndipo mkewe alipoingia kwenye hadithi hii. Sikilizeni maneno yake. "Alirudi jioni na gunia begani. Nikafurahi, nikajua mume wangu leo kaleta viazi. Kufungua, sare chafu tisa. Nikamwuliza, baba, umefungua dobi? Akasema, mimi ni tarishi tu, dobi ni wewe. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaloweka."

Najua kuna msikilizaji anauliza: kwa nini asiwachukue watoto wale nyumbani? Nilimwuliza mama huyo swali hilohilo. Akanionyesha nyumba. Vyumba viwili, na wakati ule walikuwa watu saba. "Msimu wa mvua kubwa walilala hapa sakafuni, wamepangana kama viberiti," alisema. "Mvua ikikatika, tunarudi kuhangaika. Tulikwenda ustawi wa jamii, tukapata nafasi za wawili. Wengine tukaambiwa tusubiri. Sasa wakati unasubiri, mtoto asisome?"

Wasikilizaji wapendwa, mkoba ule ulikuwa na faida ambayo hata Bwana Kipande hakuitarajia. Saa mbili asubuhi, watoto wakiwa shuleni, rafu ya chini inatakiwa iwe tupu. Kama mkoba mmoja umebaki, maana yake kuna mtoto mmoja hajaenda. Bwana Kipande alifunga dirisha, akatundika kibao cha "Narudi", akaenda kumtafuta. Abiria walilalamika. Wapagazi walimtania kwamba ameajiriwa na wizara. Yeye alizunguka, nyuma ya ghala, chini ya daraja la waenda kwa miguu, kwenye gereji. Akimpata mtoto hakumpiga. Aliuliza swali moja: "Leo kimekukwamisha nini?" Mara nyingine ni homa. Mara nyingine ni shati lililochanika mgongoni, mtoto anaona haya. Homa ilipelekwa zahanati. Shati lilishonwa papo hapo, mtoto amelivaa, huku akionywa asitikisike.

Siku moja jibu la msichana namba kumi na saba lilikuwa tofauti. "Mwalimu mkuu kasema nisirudi bila mzazi."

Bwana Kipande alikwenda na koti lake la kazi, la buluu, lenye mifuko minne. Mwalimu mkuu, ambaye sasa amestaafu, anayakumbuka mazungumzo yale.

"Nilimwuliza, wewe ni nani wake? Akasema, mimi natunza mkoba wake. Nikamwambia, mzee, mimi namtaka mtu wa mtoto, sio mtu wa mkoba. Akasema, mwalimu, huyu mtoto analala nje na hajakosa shule hata wiki moja. Unamtafuta mzazi wa nini, umshitakie kosa gani? Nikampa fomu. Kwenye nafasi ya mlezi aliandika polepole sana. Baadaye nikajua kwamba yeye mwenyewe aliishia darasa la tatu."

Kuanzia siku hiyo alikuwa mlezi. Na mlezi huitwa siku ya wazazi. Mwaka mmoja alikuwa na watoto tisa katika madarasa sita, saa ileile. Mwalimu mkuu anasema alimwona akikimbia kwenye korido, anaingia darasa moja, anasikiliza alama za hisabati, anasema "Ahsante, tutarekebisha," anatoka mbio kwenda jingine. Kuna darasa aliloingia akakaa dakika tano nzima kabla ya kugundua kwamba hana mtoto hapo. Akasema, "Hata hivyo, wanaendelea vizuri," akaondoka.

Wasikilizaji, sitaki kumpaka rangi asiyokuwa nayo. Kitinda mimba wake, binti anayesuka nywele sasa katika duka lake mwenyewe, aliniambia jambo akaniomba nilitangaze.

"Siku ya wazazi ya shule yangu baba hakuja. Mwaka ule, na uliofuata. Alikuja mama. Nilipokuwa mkubwa nikamwuliza. Akaniambia, wewe kiti chako kilikuwa na mama yako, vya wale vilikuwa vitupu. Jibu lile halikunitosha. Hata leo halijanitosha sawasawa. Lakini mwaka jana nilimsuka yule dada mpima ardhi, akanisimulia habari za baba yangu saa tatu nzima. Nikasikia wivu, nikasikia fahari, vyote pamoja. Nikamsuka bure, tena vizuri."

Sasa tuje kwenye Jumatatu ambayo watu wa kituo wanaisimulia mpaka leo.

Msichana namba kumi na saba alikuwa amefika mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtihani ulikuwa unaanza Jumatatu, saa mbili asubuhi. Ijumaa iliyotangulia, meneja mpya wa kituo alikagua vyumba. Akaona rafu ya chini. Akasema vitu visivyo vya abiria viondolewe. Bwana Kipande akamjibu, "Hivi ni vya abiria, bwana. Safari yao ni ndefu tu." Meneja hakupenda utani. Jumapili jioni akafunga chumba kwa kufuli lake mwenyewe, akaondoka na ufunguo. Alikuwa mtu wa kuingia kazini saa tatu.

Jumatatu alfajiri watoto kumi na wanne walisimama mbele ya mlango uliofungwa. Ndani mlikuwa na sare zao. Mlikuwa na kadi ya mtihani ya msichana, na bila kadi haruhusiwi kuingia. Bwana Kipande alipiga simu kwa meneja. Haikupokelewa. Akapiga tena. Saa moja na robo akavuka barabara kwa fundi wa matairi, akarudi na msumeno wa chuma.

"Alikata dakika kumi," alisema fundi huyo. "Jasho linamtoka. Nikamwambia, mzee, lete nikukatie mimi. Akakataa. Akasema, kazi itakayopotea iwe moja."

Kufuli likaanguka. Watoto wakasogea. Na hapo, jamani, yule mtu akaingia ndani, akasimama nyuma ya kaunta, akanyoosha mkono. "Vipande." Msichana akamwambia, "Babu, nachelewa." Akasema, "Kipande kwanza." Akampa. Akapata sare yake, akapata kadi yake, akabadilisha nguo nyuma ya rafu, akakimbia. Alifika geti likiwa linafungwa.

Bwana Kipande akaketi kwenye kigoda, msumeno mapajani, akamngoja meneja. Hakukana. Barua ya kumsimamisha kazi ilitoka kabla ya saa sita.

Alikaa nje ya kazi wiki saba. Mikoba ikahamia kwa fundi wa matairi, katikati ya grisi. Watoto wengi walivumilia. Wawili hawakuvumilia, kaka na dada, wa darasa la pili na la nne. Walipanda lori, hawakuonekana tena. Bwana Kipande aliwatafuta miaka. Mkewe anasema kila dereva wa safari ndefu aliyempita aliulizwa: "Hujawaona wangu wawili?"

Madereva na mwalimu mkuu waliandika barua kumtetea. Meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema hakuna aliyewahi kumweleza mikoba ile ni ya nani. Alimrudisha kazini, na rafu yake. Shule nayo ikatenga chumba chenye makabati na bomba la maji kwa watoto wa aina hiyo. Chumba kipo mpaka leo. Na msichana alifaulu, akachaguliwa shule ya bweni. Aliniambia alipoonyeshwa kitanda chake alikaa juu yake mchana kutwa, akiogopa kwamba akiinuka atapewa mwingine.

Baada ya kustaafu, Bwana Kipande alikuwa akikaa kibarazani kila asubuhi akitazama wanafunzi wakipita. Waliochelewa aliwakemea, wa nani ni wa nani haikumhusu. Jumanne hii hakutoka. Mkewe alipoingia na chai, alikuwa amekwisha kutangulia.

Kwa mama mjane, kwa binti msusi na ndugu zake, na kwa wote mlioandikiwa fomu na mkono ule mzito, pokeeni pole zetu. Mungu amlaze pema.

Na sisi tuliobaki, tusimsifie tu tukaishia hapo. Kesho ni Jumatatu. Ukiwa njiani kwenda kazini, utamwona mtoto mahali ambapo mtoto hapaswi kuwa saa hiyo. Unamwona kila siku. Kesho simama, usalimie, umwulize leo kimemkwamisha nini. Halafu usiondoke kabla hajajibu.