Nani Aliwaita Mbwa wa Paani

Benchi lenyewe ni la saruji, limechimbiwa mbele ya karakana ya Wilmar ya kutengeneza mashine za kufulia, pale La Teja, Montevideo, kwenye kona ambayo upepo hupita bila kubisha hodi. Kila alasiri hukaliwa na watu walewale. Mama Elbia, mwenye kantini ya klabu ya mtaa, ndiye mwenye chupa ya maji moto, kwa hiyo ndiye serikali: yeye humimina maji kwenye kibuyu cha yerba, majani machungu kama ya chai yanayofyonzwa kwa mrija wa kupokezana, yeye huamua nani ashike mrija baada ya nani, na anayeng'ang'ania kibuyu huku akipiga domo husutwa hadharani. Poroto alikuwa kondakta wa basi mpaka alipostaafu, na hadi leo anaongea kana kwamba anatangaza vituo. Mwingine ni Profesa, ambaye hajawahi kumfundisha mtu chochote. Anauza tikiti za bahati nasibu, na jina kapewa kwa ajili ya miwani. Jumanne hiyo manyunyu yalikuwa yameanza, Elbia kaleta mikate ya kukaanga kama inavyopasa mvua inaponyesha, na ukutani, ng'ambo ya barabara, limebandikwa bango jipya: MBWA WA PAANI WANARUDI! JUMAMOSI, UKUMBI WA KLABU.

Wilmar alilitazama bango lile kama mtu anayetazama harusi ambayo hakualikwa, na hakika hakuwa amealikwa. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akipiga gitaa la besi katika bendi hiyo. Walikuwa watatu: Heber gitaa na kelele, Nando ngoma, yeye besi. Roki yao ilizaliwa humu humu karakanani, katikati ya mashine mbovu, ikiwanyima majirani usingizi wa mchana. Ni miaka kumi na mmoja sasa tangu wasambaratike, na leo wanarudi, na hakuna mtu aliyempigia simu. Wenzake benchini walidhani anajua kila kitu ila anabana. Akawaacha wadhani hivyo hivyo, maana ni afadhali uonekane msiri kuliko uonekane umesahauliwa.

— Wilmar, acha kuringa, alisema Poroto. Mnafungua na wimbo gani?

— Njoo Jumamosi utasikia.

— Mwone! Siku hizi huyu ukimuuliza saa anakutafutia mwanasheria.

— Mwache bwana, alisema Profesa. Msanii mkubwa hasemi ovyo. Ila besi, kusema kweli, sijui kama ni usanii.

— Na kule Durazno je? Poroto akadakia.

Elbia akafunika uso kwa kiganja. Habari ya Durazno ilikuwa imesimuliwa kwenye benchi hilo mara nyingi kuliko Baba Yetu.

— Msianze, alisema Wilmar.

— Mimi nasema tu yaliyotokea! Wanakwenda kupiga muziki Durazno, wanasimama kituo cha mafuta. Huyu bwana anakwenda chooni. Kutoka, gari halipo! Heber keshaondoa gari na hana habari. Basi wenzake wakapanda jukwaani wawili, wakapiga shoo nzima bila besi. Na watu wakafanyaje?

— Hawakugundua, alijibu Profesa kwa masikitiko ya kuigiza.

— Hawakugundua! Tena kesho yake redio ya kule ikasema haijawahi kusikia bendi yenye sauti safi namna ile!

Wilmar alicheka, kwa sababu asiyecheka benchini huliwa mzima. Lakini moyoni palichoma palepale. Kuachwa kituoni ni jambo ambalo angeweza kulimeza. Kilichomkaa kooni ni kwamba Heber, alipopigiwa simu usiku ule, aliangua kicheko kwanza ndipo akasema pole. Wilmar akaapa kwamba hatagusa besi mpaka Heber aje mwenyewe kumwomba msamaha. Heber, mwenye kichwa kigumu kama yeye, akahamia Rivera, mpakani kabisa, na hakuja. Hivi ndivyo bendi ilivyokufa. Na juzi jioni Wilmar alilishusha gitaa kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi, akalipiga bila umeme, taratibu, asisikike. Vidole bado vilikumbuka. Alikuwa anaitaka Jumamosi ile kwa hamu ambayo ilimtia haya mwenyewe.

— Ninachojiuliza, alisema Elbia akimkabidhi kibuyu, ni kwa nini sasa. Miaka yote hiyo walikuwa wapi?

— Heber kaachwa na mke, alisema Poroto. Hilo halina mjadala. Mwanamume akiachwa, wiki ya kwanza anafuga ndevu, wiki ya pili anafufua bendi.

— Heber hajaoa, alisema Elbia.

— Ndiyo maana kaumia zaidi! Hakuwa na mazoea!

— Ninyi hamjui dunia inavyokwenda, alisema Profesa na kuisukuma miwani juu. Kuna Mjapani. Wale hukusanya santuri za roki ya gereji kama sisi tunavyokusanya magonjwa. Huyu Mjapani kanunua ile kaseti waliyorekodi humu ndani, ile ambayo mbwa wa jirani anabweka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sasa yeye anaamini yule mbwa ni mwanachama wa nne. Jumamosi anakuja na kamera. Anamtafuta mbwa.

— Mbwa mwenyewe si alishakufa? Poroto aliuliza.

— Ndiyo hapo kwenye tatizo. Klabu itabidi itafute mbwa mwingine mwenye sauti ileile.

— Nyamazeni huko, alisema Elbia. Hiyo ni nadhiri. Nando alianguka paani akitengeneza antena, akadondokea kwenye nguo zilizoanikwa, hakuvunjika hata kucha. Pale pale hewani, kabla hajafika chini, akamwahidi Mtakatifu Cono: nikipona, naifufua bendi.

— Mtakatifu Cono si ni wa bahati nasibu? Profesa aliuliza. Hilo lingepita kwangu.

— Kwani kutovunjika si bahati?

— Nipeni nafasi, alisema Poroto, na akashusha sauti, jambo ambalo kwake ni kama mtu mwingine kuvua shati. Sikutaka kuyasema haya mbele ya Wilmar. Heber alishakufa.

— Toka hapa!

— Alishakufa, mama! Huko Rivera. Namjua mtu aliyeliona jeneza. Atakayekuja Jumamosi ni binamu yake, wamefanana pua. Kwa nini unadhani Wilmar hasemi kitu? Kalishwa yamini! Au nadanganya, Wilmar?

Wilmar alikuwa na mrija mdomoni. Alivuta taratibu apate muda, kwa kuwa akisema hajui, atakuwa amekiri kwamba hakuitwa. Kabla maji hayajaisha kibuyuni, mtu akasimama mbele ya benchi. Alikuwa na upara unaong'aa kwa manyunyu, na mgongoni amebeba gitaa lililofungwa kwenye mfuko mweusi wa takataka lisilowe.

— Hamjambo, alisema Heber.

Poroto akapiga ishara ya msalaba. Profesa akamtazama pua.

— Heber, mwanangu! alisema Elbia. Kumbe u mzima!

— Kwani nani kasema naumwa?

Heber na Wilmar wakatikisiana vichwa, kila mmoja akimpimia mwenzake salamu asije akazidisha.

— Nimetoka Rivera alfajiri, Heber alisema. Nimempitia Nando kwake. Sasa nina swali dogo tu. Hivi nani alituita?

Elbia akaangalia ndani ya chupa yake kana kwamba jibu limezama humo.

— Nando si ndiye? alisema Profesa.

— Nando anasema mama Elbia alimuuliza kama atapiga Jumamosi, naye akajibu, kama wenzangu wameshakubali, sina neno. Mimi nikatumiwa picha ya bango. Nikasema, kama wenzangu wameshakubali, nani mimi nikatae. Basi mama, nani alikwambia tumekubali?

— Profesa! alisema Elbia. Alikuja kantini akaniambia mambo yameiva, bendi inarudi. Nami nina ukumbi mtupu Jumamosi. Nikachapisha mabango.

— Mimi sikutunga, alisema Profesa. Nilipewa habari na Poroto.

— Na mimi nina ushahidi! Poroto alifoka, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Nilimwona Wilmar kwa macho yangu anatoka dukani na uzi wa besi. Ule mnene kuliko yote. Mtu ambaye hajagusa besi miaka yote hiyo anaununua wa nini kama si kurudi jukwaani?

Macho yote yakamgeukia Wilmar.

Uzi ulikuwa umening'inia msumarini, hatua chache nyuma ya mgongo wake, umejaa manyoya ya soksi. Hakuna kitu duniani kinachozibua mipira ya maji ya mashine za kufulia kama uzi mnene wa besi: haukatiki, haukunjiki, unapita kila kona. Fundi yeyote angekwambia. Kumbe bendi nzima ilifufuliwa na mpira wa mashine ya mjane mmoja wa mtaa wa pili, na wanaume watatu wamekaa roho juu, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyejishusha.

— Kwa hiyo hakuna aliyeita, alisema Heber. Alijaribu kutabasamu ikashindikana. Nilijiambia, bango liko kona ya Wilmar, basi ni Wilmar. Nikasema, ikiwa yeye ameweza kuniita baada ya Durazno, mimi ni nani nisije. Njia nzima nimekuwa nikipanga maneno.

Akauvuta mkanda wa gitaa begani, kama mtu anayejiandaa kurudi alikotoka.

Wilmar aliuona ukweli wote umelala kwenye ulimi wake. Angeusema, angebaki na haki yake nzima, safi, kama alivyokuwa nayo miaka kumi na mmoja. Aligundua kwamba ameichoka haki ile kuliko kitu chochote.

— Mimi, alisema.

— Wewe nini?

— Mimi ndiye niliyewaita.

Poroto akafungua mdomo. Elbia akamkanyaga mguu, kisigino chote.

— Wewe? Heber alisema. Wewe uliyeapa?

— Si nimekwambia. Uzi nilinunua wa nini?

Heber akalishusha gitaa polepole, akaliegemeza ukutani. Akakaa benchini, mahali ambapo Profesa alimsogelea Elbia kumpa nafasi. Akajifuta upara kwa mkono, kisha macho, kwa mkono uleule, kama vile ni manyunyu tu.

— Sikupaswa kucheka siku ile, alisema.

— Hukupaswa.

— Lakini ilichekesha.

— Kidogo, alisema Wilmar.

Elbia akamimina ampe mgeni kibuyu. Chupa ikatoa tone moja, ikakohoa, ikanyamaza. Wilmar akanyanyuka upesi kuliko ilivyohitajika.

— Naweka maji mengine, alisema, akaingia karakanani.

Aliwasha jiko kwa njiti ya tatu ya kiberiti. Kule nje Poroto alikuwa ameshapata pumzi, na sauti yake ya kutangaza vituo ikapenya mpaka ndani: kwamba yeye, kwa macho yake, alimwona Wilmar akibandika mabango peke yake gizani, analia kama mtoto, analiita jina la Heber. Profesa akaongeza kwamba ndiyo, hata gundi ilichanganyika na machozi. Heber akauliza, kweli? Kweli tupu, wakaapa wote, na Elbia pia.

Kwa siku nyingine yoyote Wilmar angetoka na nyundo mkononi. Alisimama mbele ya birika akasubiri maji yachemke, na hakutoka kukanusha.