Viatu Vyeupe vya Metroni wa Nyamwera

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Wewe uliyeko Kibiti, wewe wa Ikwiriri, wa Utete, wa Mchukwi, na wewe wa Delta uliyeipandisha redio dirishani ili ishike vizuri, nakusalimu. Mimi ni Semeni. Leo kipindi chetu cha kumbukumbu kina jina moja tu, Muzdalifa Swalehe. Muuguzi mfawidhi wa kituo cha afya cha Nyamwera. Amefariki wiki iliyopita. Narudia kwa uliyechelewa kufungua redio: Muzdalifa Swalehe, metroni wa Nyamwera, ametutoka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kabla sijaenda mbali, mjue jambo moja. Marehemu ni binamu yangu, mtoto wa mjomba. Kwetu binamu ni mtani, na mtani hafungwi mdomo msibani. Kwa hiyo msitegemee nikae hapa nimpambe mtu. Muzdalifa nilimwonea wivu. Wala sisemi ni mambo ya zamani yaliyokwisha. Namwonea mpaka sasa, mimi nimekaa mbele ya maikrofoni na yeye yuko ardhini.

Alizaliwa Nyamwera, kule Delta ambako barabara ni mto. Alisomea uuguzi ngazi ya cheti, akafanya kazi, kisha akarudi chuo mtu mzima mwenye watoto akachukua diploma. Akapata kazi hospitali kubwa Dar es Salaam. Ukoo mzima tukasema sasa kafika. Hatujamaliza kujisifia, tukasikia yuko kwenye boti na mabegi yake, anarudi. Kaka yake, Mzee Abdulswamadu, alimuuliza kama amefukuzwa. Anakumbuka alivyojibiwa: "Kaka, Dar mie nesi mmoja kwenye kundi. Nyamwera mie ndiyo hospitali yenyewe."

Mwanamke yule alipenda kutawala, wasikilizaji wapendwa, na alijua pa kwenda kutawala. Kituo cha Nyamwera si cha Serikali, ni cha jumuiya, na bodi ilimpa ufawidhi siku ile ile aliyoomba, maana hakukuwa na mwingine aliyeutaka. Kituo kizima akawa nacho yeye: dawa, zamu, wodi ya wazazi, mpaka mbuzi walioingia uani walimjua.

Mtu akitaja Muzdalifa, mimi naona viatu. Maji yakipwa, ukishuka kwenye boti Nyamwera unakanyaga tope mpaka magotini. Yeye alishuka ameshika viatu vyake vyeupe mkononi. Alifika kwenye pipa la maji mlangoni, akaosha miguu taratibu, akaifuta, akavaa viatu. Hapo katikati usimsemeshe. Hata mume wa mwenye uchungu alisubiri. Viatu vikishafungwa ndipo anaigeukia meza ya kuzalishia, anauliza, "Haya, nani yuko mezani?" Na ukimtazama usingejua kama duniani kuna tope.

Sasa nije kwa mwanangu. Mwanangu anaitwa Hafsa. Ana diploma ya uuguzi na leseni yake. Mnajua wenyewe hali ilivyo. Vyuo vinatoa wauguzi kila mwaka, ajira za Serikali zinatoka kwa msimu, majina yakitoka mtandaoni unatafuta la mwanao mpaka macho yanauma. La Hafsa halikutoka. Halikutoka tena. Alikaa nyumbani na diploma yake, akawa anakaanga bagia barazani, na kila mpita njia alimwita "daktari" kwa kumcheka.

Muzdalifa akaja mjini akamkuta kwenye karai. Akamwambia, "Zima moto huo, twende ukajitolee kwangu. Mshahara sina, kazi ninayo." Nami nikafurahi. Nilimfungia na unga wa safari. Mjinga mimi.

Kwa desturi yetu Muzdalifa ni mama mkubwa wa Hafsa. Ndivyo alivyomwita tangu mtoto. Basi Hafsa akawa anapiga simu kutoka Nyamwera, siku mtandao ukipatikana: mama mkubwa kanifundisha hiki, mama mkubwa kasema vile. Nikavumilia. Siku moja akapiga, ananiambia, "Leo nimezalisha mapacha peke yangu, mama alisimama pembeni tu." Nikamuuliza, mama yupi? Akasema, "Mama wa huku, nani tena?" Lile "mkubwa" limedondoka njiani, na hakuna aliyeinama kuliokota.

Nilikata simu nikasema mtandao umekata. Wivu ulinikaba, wasikilizaji, kama mwiba wa samaki. Mke mwenza nimewahi kupata, na hakunipa usingizi mbaya kama ule. Mume unaweza kugawana. Mtoto uliyemzaa mmoja utamgawaje?

Nikangoja zamu yangu. Ikafika. Hospitali moja ya binafsi hapa Kibiti, kando ya lami, ilileta tangazo la kazi nisome hewani. Inataka muuguzi mwenye diploma na uzoefu wa wodi ya wazazi. Nililisoma kama lilivyo. Kisha nikaongeza langu: "Na hasa wale mlioko Delta, mjini kuna umeme, na mama zenu wanazeeka."

Hata wimbo haujaisha, simu ya studio ikaita.

"Semeni, unanitongozea nesi wangu redioni?"

"Nesi wako, mwanangu."

"Hebu nisikilize, bibie," Muzdalifa akasema. "Wanakuja kwangu mikono inawatetemeka. Nawafundisha. Wakishaiva, Serikali inachukua, mjini mnachukua. Mie nimekuwa kitalu. Nalea miche, mashamba ya wengine."

"Kitalu kisione wivu," nikamjibu. "Ndiyo kazi yake."

"Wivu ninao," akasema. "Huyu hata mmoja wenu nisingempa."

Sikilizeni vizuri hapo. Na yeye alikuwa nao. Lakini Hafsa alipoomba ruhusa, Muzdalifa mwenyewe alimsindikiza mpaka kwenye boti, akamwandikia sifa ambazo mimi mzazi nisingethubutu kuziandika. Hafsa akapata kazi. Akarudi nyumbani kwangu, mshahara anao, sare anayo, anakula mezani kwangu. Nilishinda.

Asubuhi ya kwanza nikamwona mlangoni. Nje ni kukavu, vumbi tupu, tope hakuna. Ameshika viatu mkononi, anaosha miguu. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa si Nyamwera." Akasema, "Nimezoea." Akafuta, akavaa, akaenda kazini. Kila asubuhi hivyo hivyo. Nilikuwa nimeurudisha mwili wa mwanangu, roho ameiacha kwenye lile pipa.

Kisha Muzdalifa akaugua. Figo. Akaletwa hapa Kibiti, akalazwa hospitali ile ile ya kando ya lami, na muuguzi wake akawa Hafsa. Nilikwenda kila siku na uji. Nitawaambia kwa nini nilikwenda kila siku. Huruma ilikuwepo, damu ni damu. Lakini pia nilikuwa namlinda mwanangu. Nilingoja aniombe. Nilijua ipo siku ataniambia, Semeni, nikifa nipe Hafsa akashike kituo. Na jibu nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nimelipanga vizuri, halina tusi lakini linauma.

Hakuniomba. Siku ya mwisho alimtazama Hafsa akimbadilishia shuka, akaniambia, "Mwanao ana mkono mwepesi." Nikasema najua. Akasema, "Basi vizuri." Akageukia ukutani. Laiti angeniomba ningemkatalia, na leo ningelala.

Tulimsafirisha kwa boti mpaka Nyamwera, akazikwa kwao. Wanawake walijaa ua wote wa kituo, na wengi walibeba mgongoni watoto aliowapokea yeye. Mimi nikafanya la mtani. Niliingia chumbani mwake, nikachukua vile viatu vyeupe, nikatoka navyo nikiwa nimevininginiza shingoni, nikatembea kama yeye, nikauliza, "Haya, nani yuko mezani?" Watu wakacheka na machozi yao. Mnajua desturi. Mtani akichukua kitu cha marehemu, wafiwa wanakikomboa.

Mumewe, Shemeji Nurdini, akaja na jogoo. "Mtani, tunakomboa viatu vyetu."

Nikamwambia jogoo sitaki.

"Unataka nini?"

Nikasema, "Nirudishieni mwanangu."

Nilisema kwa utani. Lakini kicheko kilikatika, maana wote walinijua. Hafsa alikuwa amesimama pale pale na ndoo ya maji. Akaja akaniinamia sikioni. "Mama, bodi wameniita asubuhi. Wanataka nishike nafasi yake. Sijawajibu. Nangoja wewe." Nikapanda boti na viatu shingoni.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yetu natoa pole kwa Shemeji Nurdini na watoto, kwa Mzee Abdulswamadu, na kwa watu wote wa Nyamwera. Narudia jina lake: Muzdalifa Swalehe, muuguzi mfawidhi. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema peponi.

Nanyi mliobaki, tafakarini kidogo. Majumbani tuna watoto wenye diploma, tunalia ajira hakuna. Huko Delta mlango wa wodi ya wazazi umefungwa tangu Muzdalifa alipolazwa, hakuna wa kuufungua. Kila mmoja wetu anataka Delta ipate nesi mzuri, ila awe mtoto wa mwenziwe. Mimi ni wa kwanza.

Jana bodi wameniletea tangazo nilisome. Nalisoma. Kituo cha afya cha Nyamwera kinahitaji muuguzi mfawidhi. Awe na diploma na leseni. Awe amezoea wodi ya wazazi na tope. Mwisho wa tangazo.

Hafsa, najua unanisikiliza, uko zamu, na redio ya mapokezi haizimwi. Viatu viko hapa mbele yangu, juu ya meza ya studio. Nimevisafisha. Pita uvichukue, kesho asubuhi maji yatakuwa yamejaa, boti itaondoka mapema. Nenda, mwanangu. Oshea miguu kwenye pipa lake, wapokee watoto wao, wakuite metroni. Na ukimwombea dua, mwombee kwa jina lake kamili. Yule ni mama mkubwa. Mama ni mimi.