Mzee Badru na Spika ya Nje

Mzee Badru Shamsi anaweka maiki chini tarehe 30 Septemba 2015, baada ya miaka ishirini na moja ya kututafsiria filamu katika Ukumbi wa Video Tumaini, hapa Kasulu. Koo limechoka. Daktari amemwambia apumzike, na safari hii amekubali.

Alianza enzi za kanda na deki, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta. Sauti zote zilikuwa zake: askari, bibi harusi, hata mbwa. Watu walitoka Munanila kwa baiskeli kumsikiliza, filamu yenyewe wameshaiona.

Lakini wengi tutamkumbuka kwa katuni za watu wazima, zilizotufikia mwaka 2012. Kuna baba mmoja mnene, anajamba mezani, anamtukana mkwewe, halafu anawaigiza na kuwakejeli mastaa wa Marekani ambao sisi hatuwajui. Mzee Badru alimgeuza kila staa kuwa mtu wetu: bwana harusi mwenye suti ya kukodi, mgombea anayegawa fulana. "Ukimcheka usiyemjua," alituambia, "unaonyesha meno tu." Ukumbi ulijaa hadi watu wakakalia ndoo.

Watoto walikatazwa kuingia. Mlangoni nilikuwa mimi, na sikumpitisha hata mmoja. Kumbe spika ya nje, ile ya kuitia wateja, ilikuwa inamwaga kila kitu barabarani. Tuliligundua hilo siku mama mkwe wangu alipokuja kutoka Busunzu. Chakula kimetengwa, mwanangu Zaitun, miaka minne, akamwambia kwa sauti ya Mzee Badru kabisa, "We bibi, sogea huko nijambe." Mama mkwe akarudisha tonge sahanini.

Kesho yake nikamwendea mzee, mdogo wake Zaitun mgongoni. Nikamwambia, "Baba, katuni siikatai, hata mimi nacheka. Ila spika itoke, au nitoke mimi."

Bwana Omary, mwenye ukumbi, akasema bila spika tutafunga, wateja watajuaje kama tupo?

Mzee Badru akamgeukia. "Omary, aliyekata tiketi kataka mwenyewe kunisikia. Huyu mtoto hakutaka." Akapanda ngazi, akaishusha spika kwa mikono yake.

Wateja walipungua kweli, na tukaogopa. Mzee akawa anazunguka sokoni kila jioni, akimwalika mtu mmojammoja kwa mdomo. Akimkuta mama na mtoto, anamtajia filamu ya mchana, isiyo na matusi. Polepole watu wakarudi, na ukumbi haukufungwa.

Yule niliyembeba mgongoni sasa anatembea. Kila siku tunapita pale, naye anamjua Mzee Badru kama babu wa kumpa karanga. Hajui kwamba mji mzima haujapata mjambaji kama babu huyo. Atajua akikua.

Ahsante, baba. Lipumzishe koo, sasa wengine wakuchekeshe wewe. Mungu akujalie miaka mingi ya afya na raha.