Zawadi ya Mbuta na Pacha Wawili Wasiofika

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meja, mkuu wa kambi, machifu wetu, masheikh na wachungaji, ndugu zetu mliovuka asubuhi hii kutoka Sio Port, ng'ambo ya mpaka, mabibi na mabwana:

Sisi, wavuvi wa shindano la pacha hapa Majanji, tunakukaribisha kwa mikono inayonuka samaki, na tunaomba usijipanguse baada ya kutusalimia, maana hayo ndiyo manukato yetu ya sikukuu. Risala hii anaisoma Bibi Teopista, mpima samaki wetu. Ilikuwa isomwe na mwanamume, lakini wanaume wetu wote leo wameamka na kikohozi.

Chai ya maziwa ipo. Viazi vitamu vipo. Askari wako waliosimama juani nao wasogee kivulini wale. Bunduki tutazipa benchi lao.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, zamani kila samaki wa ziwa hili tulimjua kwa jina na kwa ukoo. Ngege alikuwa ngege, mumi alikuwa mumi. Kisha akaja mbuta, samaki mgeni, ambaye hakuna bibi yetu aliyewahi kumtia chunguni. Tulimwogopa. Mmoja aliuvuta mtumbwi wa Okochi na mwenzake wakiwa wamesinzia, akawafikisha Sio Port, wakashuka, wakanywa uji, na uji ulipokwisha akawavuta kuwarudisha. Hakuulizwa pasi ya kusafiria upande wowote. Okochi yuko hapa, muulize mwenyewe. Atakuongezea na sukari ya ule uji.

Ndipo tukaanzisha shindano. Hufanyika kila mwaka mvua kubwa zikishapungua, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia maji. Ukitia kasia unaona kana kwamba unachota wingu. Mwenzako wa mbele akisema neno, linakufikia limelowa. Ndege anapita chini yako, kumbe ni kivuli chake, au labda si kivuli. Katika ukungu huo hata mpaka wa nchi hulala, na sisi hupita kando yake kwa adabu, tusije tukauamsha.

Watu hutoka Masinya, hutoka Nabuyoga, hata Molo. Emuron wa Molo, alipoliona ziwa kwa mara ya kwanza, aliuliza shamba kubwa kiasi hiki ni la nani na kwa nini halijapandwa kitu. Mwaka uliofuata alishika nafasi ya tatu.

SHERIA ZETU

Hapa tunakuomba uvumilivu, Mheshimiwa, kwa sababu sheria hizi ndizo zilizotuokoa miaka yote, na ndizo zilizotuponza mwaka huu.

Mtumbwi mmoja hubeba watu wawili, nao tunawaita pacha. Mmoja wa upande huu, mwingine wa upande ule, ili pasiwepo wa kujigamba kwamba upande wake umeshinda. Kila mmoja hujifunga kibuyu kikavu kiunoni, kimezibwa kwa nta, apate kuelea akianguka. Hakuna kusimama mtumbwini, hata ukimwona malaika. Mbuta aletwe hai, ndani ya tenga lililofungwa ubavuni mwa mtumbwi na kutiwa kitambaa cha rangi ya wenyewe, akifa hapimwi. Akishapimwa, yule mbuta mshindi hurudishwa ziwani na mikono minne ileile iliyomvua, awe mbegu. Wakati wa kurudi, ndoana zote hufungiwa ndani ya kifuniko cha tenga, zisimchome mtu. Na hakuna mtumbwi unaompita mtu aliye majini.

Kubwa kuliko zote ni filimbi. Hajji Nurudin, mwenye duka la vitambaa, alikuwa refa wa mpira ujanani mwake. Yeye husimama ufukweni. Upepo wa ziwa ukianza kugeuka, anaunusa kabla mawingu yenyewe hayajapata habari, anapuliza. Ukisikia filimbi hutazami nyuma. Unatoa ndoana, unapiga kasia, unarudi nyumbani, na wa mwisho kufika ananyang'anywa samaki wake. Tangu tuiweke sheria hii, ziwa halijamla mtu wetu hata mmoja.

Hayo ndiyo mafanikio yetu. Mengine ni choo kipya.

YALIYOTOKEA SIKU YA SHINDANO

Mwaka huu Nasifu, fundi baiskeli wa Busia, alipangwa na Rasto, mjenzi wa mitumbwi wa Sio Port. Tunaweza kukueleza kila alichowaza Nasifu asubuhi ile, kwa sababu Nasifu hajawahi kuwaza kimya, na katika ukungu sauti husafiri mbali.

Alikuwa amekaa nyuma ya mtumbwi akiwa na furaha mpaka furaha yenyewe ikaanza kumtia woga. Ndani ya tenga alikuwa na mbuta ambaye mfano wake haujaonekana hapa: mdomo wa kumeza mbuzi mwenye mimba, macho ya dhahabu, na pumzi ya taratibu kama ya mzee aliyekula akashiba. Nasifu aliona kwamba hawaelei tena juu ya maji. Wanaelea juu ya usingizi wa yule samaki, na siku samaki akiamka, wote watatu watajikuta vitandani kwao.

"Rasto," alisema, "mimi naona kama nakwenda mbinguni na viatu."

"Wewe huna viatu. Shika kasia."

Hapo filimbi ikalia.

Haikuwa ya Hajji Nurudin. Tulikuja kujua baadaye kwamba ilikuwa ya mashua ya injini ya doria, iliyozima injini ndani ya ukungu ikiwavizia watu wa magendo wanaovusha kahawa. Walinzi walipuliza wakimaanisha simameni. Lakini, Mheshimiwa, wavuvi wetu wamefundishwa filimbi moja tu. Mitumbwi yote iligeuka kwa pamoja, ikatimka. Walinzi wakapuliza tena, nasi tukaongeza kasia. Wakapiga risasi hewani. Tukasema, loo, leo radi iko karibu, Hajji ana pua kweli! Tukaongeza tena.

Tunawaelewa vijana wako. Mtu ukimwambia simama naye akakimbia, utamdhania nini? Nasi tunaomba nawe utuelewe: tulikuwa tunatii.

Nasifu alikuwa mbele ya wote. Tayari alikuwa anaiona zawadi, ndama jike aliyetolewa na Hajji, amefungwa nyuma ya nyumba. Alimwona mkewe Hajarah akikamua. Alimwona Rasto akivuka mpaka na kibuyu kudai sehemu yake. Walikwisha kuanza kugombania maziwa ya ng'ombe ambaye hajazaa, mara wakasikia ukelele nyuma.

Alikuwa Dauda, muuza chumvi. Alisimama mtumbwini aone radi inatoka wapi. Mtumbwi ukapinduka, yeye na pacha wake Tom wakawa wanaelea kwa vibuyu vyao.

"Umesikia?" Nasifu aliuliza.

"Nimesikia filimbi."

"Mimi nasikia Dauda."

"Dauda hulia hata akila ugali," alisema Rasto. "Piga kasia, bwana. Ndama wetu huyo."

Nasifu akaacha kupiga kasia. "Rasto, kama ni wewe uko ndani ya maji, mimi nakwenda ambia mkeo Loice nini? Kwamba shemeji, Rasto hayuko, lakini ng'ombe iko?"

Rasto alitema mate ziwani. "Geuza," akasema. "Lakini maziwa ya asubuhi ni yangu."

Waligeuza. Waliwakuta wale wawili wanazunguka polepole ndani ya ukungu kama watu wanaoota ndoto moja. Wakaupindua mtumbwi wao, wakaukumba maji kwa kofia ya Rasto, wakawapandisha. Makasia yalikuwa yamekwenda na maji. Dauda alitetemeka hadi meno yakapiga ngoma.

"Chukueni kasia zetu zote mbili," Nasifu aliwaambia. "Nyinyi mmeshikwa na baridi, mkimbilie moto. Na samaki mwende naye, asitufie hapa."

"Na nyinyi?" aliuliza Tom.

"Sisi tuko na mikono."

"Na ndama?" aliuliza Rasto.

"Ndama atatujua tu."

Wakalihamisha tenga, na kitambaa chake chekundu, na ndoana zote ndani ya kifuniko kama sheria inavyosema. Dauda na Tom wakaondoka. Hawakuwa wamefika mbali walipoisikia injini, na nyuma yao, ndani ya weupe ule, sauti ambazo hawajazisahau.

"Nyinyi nani?"

"Wavuvi, afande." Huyo Nasifu.

"Samaki yako wapi?"

"Amekwenda kupimwa."

"Ndoana?"

"Zimemfuata."

"Kasia iko wapi?"

"Afande, hizo tumeazima watu."

Halafu mlinzi akauliza, "Sasa hapa mnafanya nini?"

"Tunarudi nyumbani, afande."

Dauda anasema Rasto alicheka kidogo. Kisha injini ikanguruma, ikaenda, ukungu ukafunga mlango wake.

MATATIZO

Tulitaka kuandika juu ya bei ya nyavu na ukosefu wa mafuta ya taa. Tumeyafuta. Tuna tatizo moja.

Siku ile mahindi yalikuwa mabichi. Leo yako ghalani. Ndama ameota pembe. Kila siku Hajarah, mke wa Nasifu, na Loice, mke wa Rasto, ambaye huvuka mpaka alfajiri kwa ajili hiyo, hupeleka chakula kwenye lango la kambi. Hakuna aliyewaambia kama wanaume wao wamo. Husemwa tu: acheni hapo. Lakini sahani hurudi imeoshwa, na kijiko kimefunikwa chini yake, na katika Busia yote anayefunika kijiko chini ya sahani ni mtu mmoja, na mkewe amemgombeza kwa tabia hiyo tangu waoane. Siku ya kwanza Hajarah alipoinua sahani akakiona kijiko, alikaa chini palepale barabarani. Siku hizi hamgombezi tena.

Juzi sahani ilirudi na kijiko juu.

Jana kilikuwa chini. Hatukulala kati ya siku hizo mbili, Mheshimiwa, na leo tulipoisikia gari yako tulisimama wote kabla haijafika.

MAOMBI

Kwanza, filimbi tumeiacha. Sasa tunapiga ngoma. Tunaomba walinzi wa ziwa wafahamishwe, ili wakipuliza, wajue kwamba tutasimama hata kama mawimbi yanakuja.

Pili. Sisi hatujui sheria za Serikali, tunajua sheria za mbuta, na kwa hiyo hatuzungumzi habari ya kesi. Tunazungumza habari ya zawadi. Samaki aliyefika na Dauda alikuwa hai. Alipimwa na Bibi Teopista mbele ya watu wote, masheikh wakiwapo, wachungaji wakiwapo, na kitambaa kilikuwa chekundu. Mtu wa magendo havui samaki kama yule. Hana nafasi. Samaki mwenyewe yuko pale kwenye uzio wa matete, anapumua bado, na ingawa njaa imepita majumbani mwetu mwaka huu, hakuna aliyemgusa, maana si mikono yetu iliyomvua.

Washindi wa mwaka huu, kwa hiyo, ni Nasifu na Rasto. Sheria inasema zawadi hutolewa na mgeni rasmi kwa mkono wake, pacha wote wawili wakiishika kamba ya ndama pamoja, na wote walioshindwa wakitazama. Ndiyo sababu tulikualika wewe na si mwingine. Washindi wako karibu nawe kuliko walivyo karibu nasi.

Kama shughuli za kambi haziwaruhusu kufika hapa, sheria yetu haikatazi zawadi kuwafuata walipo, mradi tulioshindwa tuwepo sote. Tumekwisha kupatana. Mitumbwi tumeitoa majini na iko nyuma ya ukumbi huu, tayari kwa mabega. Hajarah na Loice watatangulia. Chai ikimalizika tutafuata nyuma ya gari yako, watu wa upande huu na watu wa upande ule, wawili wawili, polepole, bila kelele. Lango likiwa limefungwa tutakaa. Sisi ni wavuvi. Kukaa kimya juu ya kitu tusichokiona ndiyo kazi tunayoijua.

Mwenyezi Mungu akulinde, Mheshimiwa, akuwekee maji matulivu kila uendako, na kila urudipo nyumbani usikose mtu wa kukufungulia mlango.

Ni sisi wako,
Umoja wa Wavuvi wa Pacha, Majanji,
tulio hapa, na wawili walio kwako.