Pointi ya Ishirini na Mbili

Benchi letu lipo Newtown, huku ughaibuni, nyuma ya maghorofa, limeelekea ukuta. Ukuta wenyewe ni wa pelota, mchezo wa Wabaski, watu wa Ulaya: mnapiga mpira ukutani kwa kiganja kitupu, na ukirudi lazima udunde ndani ya mstari. Mwalimu mmoja Mbaski aliiomba manispaa kiwanja hiki, ikakubali, na sisi tuliokuwa tukisalimiana kwa kutikisa vichwa tu tukapata mahali pa kukaa. Alhamdulillahi. Kila Jumamosi Korane huja na chupa ya kahawa ya tangawizi. Mimi ni Dalmar, ila hapa wananiita Maalim, ingawa madrasa nilifundisha miezi mitatu tu, Garissa, tena nilimshikia mtu nafasi. Nilipaswa kuwakataza. Sikuwakataza. Jina lilikuwa tamu.

Jumamosi hiyo tulikuwa bado kwenye fainali ya wiki iliyopita. Kulwinder, dereva wa basi mstaafu, mzaliwa wa Nakuru, tunayemwita Gia Tano, alifungana na Mubarik, mchezaji mwenzetu, ishirini na moja kwa ishirini na moja. Wa kwanza kufika ishirini na mbili ndiye bingwa. Mubarik akapiga, mpira ukadunda karibu na mstari, mwamuzi wa mstari akasema, "Ndani!" Kulwinder akapoteza kombe. Na jioni hiyo fundi alikuwa anakuja kupigilia ukutani kibao chenye jina la bingwa.

Mwamuzi wa mstari nilikuwa mimi.

— Mimi niliuona nje, Korane alisema huku akimimina. Tunamwita Ripota, kwa sababu habari huwa nayo kabla haijatokea. — Nje kabisa, maze. Hata njiwa waliona.

— Maalim alisema ndani, Kulwinder akajibu. — Basi ulikuwa ndani. Shida ni hii miwani yangu mpya, bwana. Tangu niivae, ngazi za nyumbani naziona mbili mbili.

— Si miwani, yakhe, akadakia Ussi. Huyu ni wa Unguja, tunamwita Hali ya Hewa. — Ni baridi. Mpira ule umevishwa ngozi ya mbuzi, na mbuzi na baridi hawapatani. Ulitoka nje, ukahisi kibaridi, ukarudi ndani.

— Mbuzi alishakufa, Ussi! Kulwinder akasema.

— Kafa yeye, ngozi haijafa. Hujasikia viatu vikilia?

— Wacha mbuzi, Korane akasema. — Ni mstari. Fundi wa rangi aliuchora kabla hajanywa chai, mkono ukatetemeka. Ukiangalia vizuri iko mistari miwili. Maalim alitumia huu, sisi tukatumia ule.

— Miwili? Kulwinder akauliza.

— Mitatu, ukihesabu kivuli.

— Basi ukuta ndio umehama! Ussi alisimama. — Mabasi yanapita hapo barabarani, ardhi inatikisika. Kila siku ukuta unajongea kidogo kidogo kwenda Digbeth.

— Mabasi usiyaguse! Kulwinder akafoka. — Miaka ishirini na sita nimeendesha, hakuna ukuta uliowahi kunifuata.

Wakacheka. Mimi nilikuwa nakunywa kahawa kutoka kikombe kilichokuwa kitupu.

— Sikilizeni, Kulwinder alisema. — Mtu anayesali mara tano kwa siku hawezi kuongopa juu ya mstari. Yameisha. Mimi nashukuru nilifika fainali.

Maneno yale yalinichoma kuliko tusi.

Hapo akaja mama mmoja amevaa raba. Alijitambulisha kuwa ni Saido, kahamia juzi kutoka Uholanzi, anataka kujua wanawake hujiandikisha wapi kucheza. Korane akampa kahawa na mkasa mzima: miwani, mbuzi, mistari mitatu, ukuta unaokwenda Digbeth. Saido akasikiliza mpaka mwisho.

— Na huyo aliyesema ndani, mlimuuliza kama aliuona?

Ussi akatazama viatu vyake. Korane akafunga chupa ambayo ilikuwa imefungwa.

— Maalim haulizwi, dada, Ussi akasema taratibu.

— Kwa nini?

Jibu nilikuwa nalo mimi.

— Sikuuona, nikasema. — Simu yangu iliadhini alasiri. Nikainamisha kichwa kuitikia.

— Basi ulikuwa kwenye ibada! Korane alitaka kuniokoa.

— Ibada gani? Nilitaka watu waone naitikia. Hiyo ni riya. Nilipoinua kichwa, mpira ulishadunda na kila mtu ananitazama. Sheria inasema mwamuzi asiyeona aseme hakuona, pointi irudiwe. Nikaona haya, nikasema ndani. Kulwinder, nimekudhulumu. Nisamehe.

Kulwinder alivua miwani, akaigeuza huku na huku.

— Kwa hiyo miwani yangu ni nzima?

— Nzima.

— Na jana nimekwenda kugombana na daktari wa watu!

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema:

— Mpigieni Mubarik. Fundi hajafika. Na wewe kasimame palepale.

— Mimi tena?

— Simu mpe dada.

Mubarik alifika na nguo za kazi, hakubisha. Mpira ulikwenda ukutani ukarudi, ukaenda ukarudi, viganja vinalia. Mwisho Kulwinder akapiga kwa nguvu zake zote, mpira ukadunda mbele ya miguu yangu. Niliuona kwa macho yote mawili: upana wa kidole kimoja nje. Nilitamani kusema ndani nimlipe haki yake, na hapohapo nikajua ningekuwa namdhulumu Mubarik.

— Nje, nikasema.

Kulwinder akaja, akainama, akatazama alama kwenye vumbi. Kiganja chake kilikuwa kimevimba. Akanishika nacho mkono.

— Wiki iliyopita nilinyang'anywa, alisema. — Leo ndiyo nimeshindwa. Ahsante, Dalmar.

Sikuwa nimelisikia jina langu pale benchini kwa miaka miwili. Fundi alipokuja, kibao cha Mubarik nilikishika mimi, mpaka msumari wa mwisho.