Aliyebishana na Bamba la Kivukoni

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, ukingoni mwa mto, kwenye vibanda vya mabati nyuma ya jaa la mji wa Crannock. Jina lake halikuchapwa humu wala halitatajwa leo. Kwetu, wenyeji wa mto huu tangu kabla ya mji, jina la aliyefariki hupumzishwa mpaka matanga yaishe. Mji ulioishi nasi miaka mia na sabini na sita bila kulijua hilo, umeamua kutojua.

Alisoma shule ya misheni. Mwaka 1947, mji ulipotimiza miaka mia, watoto waliigiza Bwana Crannock akivuka mto na "kuanzisha" mji. Yeye alipangiwa kuwa kichaka. Katikati ya mchezo kichaka kikapaza sauti: "Mwongo! Hata kuogelea hakujua! Alivushwa na Yarrin, baba yake babu yangu, kwa mtumbwi wa gome!" Viboko sita, na shule ikaishia hapo.

Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja, yakiwemo ya wajukuu wa Crannock. Tarehe 8 Oktoba 1960 aliolewa na Clarrie Pettit, mkata manyoya ya kondoo, aliyemtangulia mwaka 1999.

Kila Siku ya Waasisi aliketi mbele ya bamba la shaba pale kivukoni, lisemalo Crannock alivuka "peke yake", akiwasahihisha wapita njia.

"Shangazi, utapata baridi," mpwa wake Des alimwambia.

"Aliyepata baridi ni Crannock. Alitolewa majini akitetemeka kama mbwa, ndipo akatiwa mtumbwini. Lete chai."

Aliiandikia halmashauri barua kumi na tisa, akiomba jina la Yarrin liandikwe. Ikajibu moja: imepokelewa.

Figo zilimsumbua tangu 2018. Alifariki tarehe 2 Juni 2023, alfajiri. Siku ya sita Meya akaja msibani na maua na mpiga picha.

"Tunamuenzi mama. Jumatatu jina lake linachongwa kwenye bamba."

"Hajazikwa!" alisema Lorna, kifungua mimba wake. "Alipokuwa hai hamkulitaka. Sasa hatuwezi kulitamka, ndiyo mnalitaka?"

Hakuomba lake hata siku moja. Aliomba la Yarrin, ambaye matanga yake yaliisha zamani. Herufi sita tu.

Ameacha watoto watatu, Lorna, Keith na Nerida, wajukuu kumi na mmoja, na kiti kimoja cha kukunja, ambacho Nerida atakikalia kivukoni Siku ya Waasisi.

Mama apumzike kwa amani. Halmashauri, ninyi msipumzike kwanza.